Sheria ya mazingira isigeuke karatasi ya ukutani

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalihesabu kuwa ni la mijini na la makampuni makubwa, kumbe limekwisha kutufikia huku vijijini. Jambo lenyewe ni sheria ya mazingira. Hasa nataka kuuliza: ni nani anayemshauri mwenye kiwanda kidogo aifuate sheria hiyo kabla hajaadhibiwa kwa kuivunja?

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Wilaya ya Korogwe. Si mwanasheria, na sidai kujua yote. Lakini yaliyotupata kijijini kwetu yamenilazimisha kusoma na kuuliza, na niliyoyapata naona si vizuri kubaki nayo peke yangu.

Miaka michache iliyopita, mzee mmoja mzaliwa wa kijiji chetu, aliyekuwa na biashara mjini, alirudi nyumbani na kufunga korona ndogo kando ya kijito. Wasiokaa kwenye mkonge niwaeleze kwamba korona ni mashine inayoponda jani la mkonge na kutoa singa. Sote tulifurahi. Wakulima wadogo waliokuwa wakihangaika pa kupeleka majani yao walipata mahali. Vijana walipata kazi. Shule yetu ilipewa madawati 30, na watoto waliokuwa wakikaa chini wakainuka.

Ulipofika ukame, maji ya kijito yakageuka rangi na kunuka. Samaki wakaelea. Ng'ombe wakafikishwa mtoni wakakataa kunywa. Watoto wa darasa la 5, ambao huchota maji ya shule, wakaanza kulalamika kuwa miguu inawawasha. Nakiri mbele ya wasomaji kwamba wiki nzima ya kwanza mimi nilinyamaza. Niliona, nikanusa, nikanyamaza, kwa sababu madawati yalikuwa bado mapya na nilimwonea haya aliyeyatoa.

Baadaye mkutano wa kijiji uliitishwa, nao ukagawanyika. Wenye mifugo na kina mama wanaochota maji walitaka korona ifungwe siku ile ile. Wenye watoto wanaofanya kazi pale na wenye mashamba ya mkonge walikataa. Mambo yalipofika wilayani, wakaguzi walikuja, wakatoza faini na kufunga mashine. Kwa miezi kadhaa mkonge wa wakulima wadogo haukuwa na pa kwenda. Jani la mkonge likishakatwa halingoji. Lisipopitishwa korona mapema linaharibika. Kwa hiyo aliyechafua aliadhibiwa, lakini na mkulima asiyechafua kitu aliadhibiwa pamoja naye.

Siku moja mzee yule alinijia nyumbani akiwa na bahasha kubwa. Akaniambia, "Mwalimu, hebu nisomee. Mimi nililipa mshauri wa mazingira kabla ya kuanza. Nilipewa ripoti hii nikaambiwa nimemaliza kila kitu. Kosa langu ni lipi?"

Niliisoma ripoti ile usiku mzima. Ilikuwa ya Kiingereza kitupu, kurasa nyingi, na picha za rangi. Katika ukurasa mmoja ilieleza namna mradi utakavyowahifadhi wavuvi wa ziwani na mialo yao. Ndugu Mhariri, kijiji chetu hakina ziwa. Ripoti ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya mahali pengine, ikabadilishwa jina la mwenye mradi na jina la wilaya, ikauzwa upya. Mzee yule alikuwa amenunua karatasi akidhani amenunua ushauri. Hapo ndipo nilipotambua kwamba tatizo letu ni kubwa kuliko korona moja.

Tuiangalie kwanza sheria yenyewe. Nchi yetu iliunda Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira kwa sheria ya 1983. Kisha Bunge likatunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya 2004, ambayo ndiyo iliyoyakusanya mambo haya mahali pamoja. Sheria hiyo inasema kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya. Inasema pia kwamba kila mtu ana wajibu wa kuyalinda. Imeweka kanuni kwamba anayechafua ndiye alipe, si jirani yake wala serikali. Imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Na imetaka miradi ya aina fulani ifanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, siyo baada ya samaki kuelea.

Watu wengi wanadhani tathmini hiyo ni mzigo ule ule kwa kila mtu. Sivyo. Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2018 ziliigawa miradi kwa makundi: ile ambayo lazima ifanyiwe tathmini kamili, ile iliyo katikati ambayo hupimwa kwanza ionekane inahitaji kiasi gani, na ile midogo isiyohitaji tathmini kamili. Maana yake ni kwamba mwenye mradi mdogo hakutupwa katika kapu moja na mwenye mgodi. Lakini atajuaje yumo katika kundi gani kama hakuna wa kumwambia?

Tena sheria ya mazingira haitembei peke yake. Kuna Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, inayomtaka anayechukua maji ya mto kwa ajili ya kiwanda awe na kibali cha kuyatumia, na anayeyarudisha yakiwa machafu awe na kibali cha kuyatiririsha. Vibali hivyo hutolewa na bodi za maji za mabonde, na sisi wa huku tuko chini ya Bonde la Pangani. Mzee wetu hakuwa na kibali hata kimoja. Mshauri wake hakumtajia hata kwamba bodi hiyo ipo. Na korona yake ilikuwa imefungwa hatua 30 tu kutoka ukingoni mwa kijito.

Sasa nieleze kwa nini maji ya mkonge yanaua, maana wengine walisema mzee alimwaga sumu. Hakumwaga sumu. Katika kilo 100 za majani ya mkonge, singa ni kama kilo 4 tu. Zilizobaki ni nyama ya jani na maji yake machungu, yenye sukari na asidi. Yakimwagwa mtoni, vijidudu huyashambulia na kuzaliana kwa wingi, na katika kazi hiyo humaliza hewa iliyomo ndani ya maji. Samaki hufa kwa kukosa pumzi. Wakati wa masika mto ukijaa, uchafu huo huchanganyika na maji mengi na usionekane sana. Wakati wa ukame kijito kikiwa chembamba, hauna pa kujificha. Hili ni somo ambalo ningeweza kulifundisha darasani kwa kipindi kimoja, na mshauri wa kweli angemweleza mwenye mradi kwa nusu saa.

Kinachosikitisha ni kwamba dawa yake inajulikana. Takataka ngumu hutengwa kwanza, zikakaushwa au kuozeshwa zikawa mbolea. Maji hupitishwa katika mabwawa kadhaa yanayofuatana, yakatulia huko na vijidudu vikafanya kazi yao kabla hayajafika mtoni. Hapa hapa Korogwe, katika shamba la mkonge la Hale, ulijengwa mtambo wa kugeuza takataka za mkonge kuwa gesi na kuzalisha umeme, ambao Rais Jakaya Kikwete aliuzindua mwaka 2008. Mkonge umelimwa katika nchi hii tangu 1893, na kwa miaka mingi sana takataka zake zilihesabiwa kuwa za kutupwa tu. Mtambo ule ulionyesha kwamba anayefuata sheria anaweza pia kupata faida katika kile alichokuwa akikitupa.

Mzee wetu alipopata mtaalamu aliyesajiliwa, na mwanasheria kijana aliyejitolea kupitia barua zake, mambo yalikwenda haraka kuliko tulivyotegemea. Mabwawa yalichimbwa na vijana wenyewe kwa majembe na sururu. Vibali viliombwa. Lakini kilichomgharimu fedha nyingi kuliko faini na kuliko mabwawa ni kuing'oa korona na kuijenga upya mbali na ukingo. Gharama hiyo isingekuwapo kabisa kama mtu mmoja angepima mita 60 kwa kamba siku ya kwanza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wasomaji wengine watasema, hayo ni ya wadogo. Wakubwa wana mawakili wao. Ni kweli wanao, lakini kuwa na wakili si sawa na kufuata ushauri. Mwaka 2019 mgodi wa dhahabu wa North Mara ulitozwa na Baraza la Mazingira faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa ajili ya maji yenye sumu yaliyovuja kutoka katika bwawa la mabaki ya uchenjuaji. Mgodi ule haukukosa wataalamu. Hilo linatufundisha kwamba sheria hii humtazama mtu kila siku anapofanya kazi, si siku ile tu anapoomba cheti.

Majirani zetu wa Kenya nao wana somo kubwa zaidi. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka katika betri kuukuu kilifanya kazi katikati ya makazi ya watu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Watoto na wazazi waliingiwa na risasi mwilini. Mama mmoja aliyewahi kufanya kazi pale, Phyllis Omido, alisimama kuwatetea, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Wananchi walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hukumu hiyo ilitenguliwa katika rufani, lakini Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliirudisha. Jambo la kuzingatia ni kwamba mahakama haikuwatia hatiani wenye kiwanda peke yao. Idara za serikali zilizotoa vibali na zilizopaswa kukagua nazo zilibebeshwa sehemu ya deni. Kwa hiyo cheti chenye mhuri hakimkingi mwenye kiwanda, wala hakimkingi aliyegonga mhuri.

Na tusidhani mambo haya ya mahakama ni mageni kwetu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa kumwaga takataka katika eneo lao na kuzichoma, moshi ukawaumiza. Walishinda. Halmashauri ilipoomba iongezewe muda wa kuendelea kutupa pale, Jaji Lugakingira alikataa, akasema kuhatarisha maisha ya watu kwa moshi na uchafu ni kuvunja haki ya kuishi iliyomo katika Katiba. Wakati huo Sheria ya 2004 ilikuwa haijatungwa. Ikiwa wananchi wa kawaida waliweza kushinda kwa Katiba tupu, mwenye biashara leo akipuuza sheria iliyoandikwa kifungu kwa kifungu anajidanganya.

Ndugu Mhariri, kutokana na hayo naona washauri wako wa aina tatu. Wa kwanza ni muuza karatasi. Yeye huuliza, "Una shilingi ngapi?" kabla hajauliza, "Maji yako yanakwenda wapi?" Wa pili ni yule anayekuja na kitabu cha faini tu. Simlaumu sana, kwa sababu kazi yake ni kusimamia sheria, lakini akija yeye wa kwanza ujue ushauri umechelewa. Wa tatu ndiye mshauri hasa. Yeye hutembea kwenye eneo kwa miguu, huuliza wazee mto hufurika hadi wapi, husoma sheria zote zinazohusika, kisha humwandikia mwenye mradi kwa lugha anayoielewa: hivi ndivyo vibali vyako, haya ndiyo masharti ya kila kibali, hii ndiyo gharama, na hili usilifanye hata likikupa faida. Mshauri wa namna hiyo wakati mwingine humwambia mteja wake, "Hapa usijenge." Muuza karatasi hawezi kusema neno hilo, kwa maana litamkosesha malipo.

Huku kwetu wa kwanza wanapatikana kwa urahisi, wa pili huja mambo yakiharibika, na wa tatu wako mbali mijini na ni wachache. Ndiyo maana natoa mapendekezo yafuatayo kwa wahusika.

Kwanza, lugha. Kanuni za tathmini za 2005 zilitaka ripoti iwe na muhtasari wa Kiswahili usio na maneno ya kitaalamu. Na mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Basi ripoti yoyote ya mradi wa kijijini isipokelewe kama muhtasari wake haukubandikwa ofisi ya kijiji na kusomwa mbele ya mkutano. Kama ile ya kwetu ingesomwa kwa sauti, mtoto wa darasa la 3 angeuliza ziwa liko wapi.

Pili, kila halmashauri iwe na siku maalumu katika mwezi ambapo ofisa mazingira, ofisa biashara na mtu wa bodi ya maji wanakaa meza moja kuwasikiliza wanaotaka kuanzisha mashine za kusaga, za kukamua alizeti, za kuchenjua dhahabu, korona na machinjio. Mwananchi asizungushwe ofisi tatu, kila moja ikimwambia aanzie nyingine. Leseni ya biashara isitolewe kabla ya meza hiyo kumwambia anahitaji nini katika mazingira.

Tatu, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, wale wanaosaidia wananchi kwa mambo ya mirathi, ndoa na ardhi. Wapewe pia mafunzo ya sheria ya mazingira. Msaidizi wa namna hiyo hataandika tathmini, lakini atajua kumwambia mwanakijiji, "Huyo mtaalamu mwulize kama amesajiliwa, na mwombe akuonyeshe."

Nne, mtaalamu anayeuza ripoti ya kunakili afutwe katika orodha na jina lake litangazwe. Tunamtoza faini mwenye korona na kumwacha aliyempotosha aende wilaya nyingine na bahasha ile ile. Hiyo si haki.

Tano, nawageukia wenye biashara wenzetu. Msiichukulie sheria hii kama adui. Mwaka 2019 ilipotangazwa kwamba mifuko ya plastiki ni marufuku kuanzia Juni 1, watu walisema biashara za sokoni zitakufa. Hazikufa. Tangazo lilikuwa la Kiswahili, lilikuwa na tarehe, na kila muuza nyanya alijua anatakiwa kufanya nini. Hiyo ni dalili kwamba Mtanzania haogopi sheria anayoielewa. Na tajiri anayeona ushauri wa mwanzo ni ghali, aje kijijini kwetu aulize bei ya kuhamisha korona.

Mwisho niseme juu yetu sisi tunaopokea. Shule, zahanati na misikiti na makanisa yetu hupokea misaada kutoka kwa wenye viwanda, nasi tunashukuru. Lakini dawati lisitufunge mdomo. Sheria imempa kila mtu haki ya kusema mazingira yake yakiharibiwa, na mwalimu si mtu wa kungoja wenye ng'ombe waseme kwanza. Ningesema wiki ile ya kwanza, huenda mzee wetu angerekebisha mambo kabla ya faini, na watoto wangu wasingejikuna miguu darasani.

Leo korona inafanya kazi tena, juu kidogo kutoka mahali pake pa zamani. Madawati 30 bado tunayakalia. Maji ya kijito yameanza kurudi rangi yake, ingawa watoto nimewakataza kuchota pale mpaka yapimwe. Ombi letu la kupimiwa maji tumekwisha lipeleka wilayani, na tunangoja jibu. Naomba wahusika wakiisoma barua hii, walikumbuke ombi hilo kabla ya kiangazi kingine.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Korogwe, Tanga.